Utepe wa Twiga

Chumba cha Juu, upande wa bustani,
Kasri la Ukweni.
Jumatatu, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea shikamoo ya kweli, maana huku naamkia watu kutwa nzima na yote ni ya woga. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Natumaini umeacha kulala upande wa dirishani. Nilikukataza tangu nikiwa na miaka saba, ukanicheka ukaniita kijibibi. Na Baba je, kikohozi kimempungua? Yaya bado anakoroma hadi paka anahama chumba?

Mimi sijambo kwa mwili. Ya moyoni nitakueleza, ila kwanza asante kwa mzigo. Umefika jana mchana. Soksi zimenitosha, sabuni inanukia kama chumba chako, na biskuti zimevunjika zote nikazila kwa kijiko. Chini kabisa nimekuta utepe mwekundu, umekunjwa vizuri, na fundo lako kwenye ncha. Hata kabla sijaushika nilijua ni wa nini. Ni kimo cha mdogo wangu Twiga.

Shangazi, nimelia. Sitaki kujifanya shujaa. Nimekaa sakafuni na ule utepe mapajani, nimelia mpaka mama wa kufua aliyekuja kuchukua mashuka akakaa kando yangu na kunifuta kamasi kwa aproni yake. Ndiye mtu pekee humu ndani ambaye haniulizi nimerefuka kiasi gani.

Wewe hujaliona lile vazi la arusi, acha nikueleze, ili ujue unamtumia mdogo wangu kwenye kitu gani.

Lina chumba chake peke yake. Limesimamishwa juu ya mti uliochongwa mfano wa mabega ya mtu, na ni zito kiasi kwamba wanawake wawili hulinyanyua huku wakihema. Kila malkia wa nyumba hii ameolewa nalo. Halipunguzwi, halikunjwi pindo, halitiwi hata pini. Mkasi hauruhusiwi kupita mlango wa chumba kile. Zamani bibi arusi mmoja alivishwa kabla halijamwenea, akalikanyaga, akabingirika ngazini mbele ya wageni, na aibu ile wanaisimulia hadi leo kana kwamba ilitokea juzi. Kwa hiyo vazi halimfuati binti. Binti ndiye anayelifuata vazi. Siku pindo linapogusa ncha za viatu vyake bila kulala chini, siku hiyo hiyo arusi inatangazwa.

Sasa tuzungumze kuhusu viatu. Wajumbe wao walipokuja kunipima bega hadi sakafu, ulinivika vile viatu vipya vyenye soli nene, ukaniteremshia gauni refu mpaka chini lisionyeshe kitu. Nilifikiri ni zawadi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikatembea ukumbini najiona malkia kamili, na wewe ulikuwa unatabasamu, na Baba alikuwa anatabasamu, na wajumbe wakaandika kimo changu wakaondoka wameridhika. Kilikuwa kimo changu mimi, Kifungo wenu, pamoja na soli zangu. Nilipofika huku wakanivua viatu, vazi likamwagika sakafuni pande zote na mimi katikati yake nimezama. Mtunza vazi alishika kiuno akacheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakucheka.

Tangu hapo kazi yangu ni moja tu, kurefuka. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni maziwa; nikicheka nasikia yanasukasuka tumboni. Kuna mwanamke ameajiriwa kuninyoosha miguu. Huivuta kama anayekamua nguo, na akimaliza huninong'oneza pole. Kila mwezi mpya nasimamishwa kando ya vazi peku, mtunza vazi anapiga goti kutazama pindo, halafu anatikisa kichwa na watu wote wanaguna. Siku moja mchumba wangu naye aliletwa kutazama. Ni mvulana mpole, ana miaka kumi na mitano, anapenda ndege na anaogopa farasi. Aliniangalia kwa huruma akasema labda ningefuga nywele kwa juu. Nilicheka peke yangu, yeye hakuwa anatania.

Mwezi uliopita mama mkwe alichoka. Aliwaandikia ninyi bila kunigusia, na nimekuja kujua kupitia barua yako iliyokuwa ndani ya mzigo. Anamtaka Twiga. Amesikia kwamba yule mdogo amefyatuka, kwamba ana miaka kumi na kimo cha mtu mzima. Utepe ukilingana na vazi, gari litaondoka wiki hiyo hiyo kumfuata. Na mimi, kwa kuwa binti aliyekwisha kutolewa kwenu harudishwi, nitabaki hapa nimshikie mikono ya vazi.

Shangazi, wewe unamjua Twiga. Urefu ule ni wa miguu tu. Ngurumo zikipiga bado anajificha ndani ya kabati la vyombo. Bado anaongea na kuku. Akiulizwa jambo na mtu mkubwa anatazama vidole vyake vya miguu kama vitamnong'oneza jibu. Huku kila mlo una watu wazima ishirini wanaokutazama unavyotafuna. Nani atamkatia nyama? Nani atamwambia kwamba akilia alilie kwenye mto, siyo kwenye korido, kwa sababu kwenye korido sauti inasafiri hadi kwa mama mkwe? Mimi nilijifunza hayo kwa kuumia. Mmoja wetu ameshaumia, basi inatosha.

Najua utanijibu nini. Utasema tangu niletwe huku askari wamerudi makwao, watu wa mpakani wanalima na kuvuna bila kukimbia, na kwamba mtoto wa mfalme halali njaa ila ana deni lake. Najua, Shangazi. Sijawahi kuulizia kurudi. Hata mara moja. Naomba unikumbukie hilo.

Lakini chini ya barua yako, kwa mwandiko wake ule wa kuku aliyekanyaga wino, Twiga ameongeza: "Dada nakuja! Nimeshafunga mzigo. Nibakizie nusu ya kitanda."

Na mimi jana nilimbakizia. Nilisogea ukingoni kabisa, nikaweka mto wa pili, nikalala nikiangalia ile nusu yake. Usingizi ulinijia vizuri kuliko siku zote tangu nije huku. Tazama ninavyomtaka. Namtaka mpaka mbavu zinauma. Ningekuwa na mtu wa kucheka naye mama mkwe akipiga chafya. Ningesuka zile nywele zake ngumu kila asubuhi. Ningesikia mtu akiniita Kifungo tena. Huku naitwa "Mtarajiwa", basi, kama vile sijazaliwa.

Kesho asubuhi napeleka utepe kwenye chumba cha vazi. Ni mimi natakiwa kuukabidhi, kwa kuwa umetoka kwetu. Niombee. Sijui nafanya nini.

Jumanne

Naendelea, Shangazi.

Alfajiri niliamka nikaushika utepe begani mwangu, nikauachia ushuke. Ukafika chini, na kipande kingine kikalala sakafuni, kirefu kama kiganja changu na vidole vyake. Yaani huyo Twiga wenu amenipita kiasi hicho. Au ndiyo vile viatu tena? Sikuulizi. Naogopa utanijibu.

Nilikaa nao kitandani kwenye ile nusu yake. Mkasi sipewi, hata sindano nikitaka naazima. Basi nikaushika kwa meno. Utepe wako ni imara, Shangazi, hukununua kitu hafifu. Nilitafuna na kuvuta mpaka fizi zikatoka damu, na nilikuwa nalia huku natafuna, sura gani hiyo ya binti wa mfalme. Ulipokatika nilifungua fundo lako kwenye kile kipande, nikalifunga upya kwenye ncha mpya, nyuzi zilizochanika nikazificha ndani yake. Fundo lako naliweza. Ulinifundisha mwenyewe, kwenye viatu.

Chumba cha vazi kilijaa. Mama mkwe alikuja na dada zake wawili. Mtunza vazi aliupokea utepe kwa mikono yote miwili, akautundika begani mwa vazi, nasi sote tukautazama ukishuka. Ukaishia mbali na pindo. Ulining'inia hewani, na lile fundo likawa linazunguka taratibu mpaka likatulia.

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu. Akasema kumbe ukoo mzima ni wa watu wafupi, na sifa za huyo mdogo zilikuwa za kutia chumvi. Halafu akanigeukia, akanitazama kuanzia visigino hadi utosini, akaagiza niongezewe maziwa. Gari haliendi. Nilipiga goti nikasema asante mama.

Mtunza vazi ndiye aliyenirudishia utepe. Alikuwa ameshika fundo kati ya vidole viwili, analipapasa. Nilidhani nimekwisha. Akaniangalia mdomoni, na nadhani kulikuwa bado na damu, kisha akaukunja utepe mdogo kabisa akautia kwenye kiganja changu. Leo hakucheka.

Basi ndiyo hivyo. Kile kipande nilichokikata nimekitia ndani ya barua hii. Anayeileta ni shemeji wa mama wa kufua, muuza vitambaa, kwa hiyo haipiti kwa karani wa mlangoni. Kichome, au kihifadhi, upendavyo. Ila usitume utepe mwingine. Nakuomba kwa heshima zote, na nakuomba bila heshima pia kama itasaidia. Mwambie Baba asiwe na wasiwasi, mapatano yapo kwa sababu mimi nipo. Nitakunywa hayo maziwa. Nitarefuka tu, hata kama ni polepole, na siku moja pindo litagusa viatu vyangu.

Bado nakupenda, usidhani vinginevyo. Nimekukasirikia tangu juzi na pengine nitakukasirikia hadi mvua zijazo, lakini nilipofungua ile sabuni niliiweka puani kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Najua nawe uliwahi kupelekwa mbali, na kwamba hakuna aliyekata utepe wako.

Sasa salamu. Mfikishie Baba, umwambie asivue skafu hata kama jua limetoka. Yaya mwambie nimemkumbuka hadi kukoroma kwake. Mpishi mwambie supu ya huku haina chumvi wala utani. Mbwa mzee mkune nyuma ya lile sikio linalosikia.

Twiga usimpe salamu yoyote.

Nimelifikiria hili asubuhi nzima. Ukimwambia kwamba nampenda, hatakaa. Unamjua, atapanda gari lolote linaloelekea huku hata kama ni la mkaa. Mwambie dada amekataa. Mwambie nimesema kitanda ni kidogo. Atafungua mzigo wake analia, atarusha vitu, labda atavunja yule mwanasesere niliyemwachia. Mwache avunje. Ngurumo zikipiga, fungua kabati la vyombo ukae naye humo mpaka zipite, hata mgongo ukiuma. Na akisema ananichukia, usimkatalie. Mkumbatie tu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yote, akupe usingizi usio na maumivu, na amweke yule mtoto hapo hapo alipo.

Wako akupendaye, hata leo,

Kifungo.