Nilimrushia Wifi Mpira Mzito kwa Hasira

Dada mshauri, nimekusoma miaka nikicheka shida za wenzangu, leo zimenifikia na mimi, naomba unisikilize na jina langu ulifiche.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nina miaka hamsini na saba, na wifi yangu, yaani mke wa kaka yangu, ananizidi mwaka mmoja. Kabla hajawa wifi alikuwa mwenzangu kwenye kiwanda cha nguo, mimi kwenye mashine za kusokota nyuzi, yeye upande wa kufuma, na wote tulikuwa timu ya kiwanda ya mpira wa mikono, na ukitaka kujua raha dada yangu ungetuona saa kumi jioni king'ora kikilia, tunatoka mbio na vumbi la pamba limetujaa kichwani kama vikongwe, tunavaa raba huku tunakimbia, na kocha wetu, fundi mitambo mmoja mfupi tuliyemwita Boliti, anatusubiri uwanjani na mpira mzito wa mazoezi alioushona mwenyewe kwa ngozi, akaujaza mabaki ya pamba na mchanga, kilo nne kamili, aliupima kwenye mizani ya stoo. Tuliurusha wawili wawili, kutoka kifuani, kutoka juu ya kichwa, na mimi na wifi tulikuwa jozi moja miaka sita. Kaka yangu alimwona pale pale, alikuja kunichukua mimi turudi nyumbani, macho yakabaki uwanjani.

Kiwanda kikafungwa, timu ikatawanyika, tukazaa, tukanenepa, tukawa watu wa kuonana kwenye misiba. Miezi miwili iliyopita mjane wa Boliti akatuita, anahama, anagawa vitu vya marehemu, na sisi akatupa ule mpira. Dada, tuliunusa kama wendawazimu, bado una harufu ya grisi! Tukakubaliana kila Jumatano na Jumamosi asubuhi tufanye mazoezi uani kwa wifi, maana wachezaji wa zamani tunakutana mwisho wa mwaka na yeye anataka aende na mikono yake ile ile. Niseme ukweli, zile asubuhi zilinirudishia usichana, tunacheka mpaka tunakaa chini, kaka anatoka na kikombe chake anauliza, "Hivi nyie mna akili kweli?"

Sasa Jumatano iliyopita nilikuwa narusha polepole kwa kumwonea huruma, wifi akasema, "Rusha bwana! Au ndiyo maana Boliti alinipa mimi unahodha?" Ni utani tu, lakini hilo la unahodha nimelala nalo zaidi ya miaka thelathini, niliona ni haki yangu na sikuwahi kumwambia mtu. Nikaupandisha mpira juu ya kichwa, nikaurusha kwa nguvu zangu zote, na yeye mikono alikuwa ameinyoosha. Nikasikia sauti, sijui ni yake, sijui ni ya bega.

Sasa hawezi kuchana nywele, hawezi kufunga sidiria. Kaka tumemwambia aliteleza bafuni. Mimi ndiye ninayemkanda kwa maji ya moto na kumvuta mkono kama Boliti alivyokuwa akituvuta, na kaka ananiambia, "Dada yangu, nani mwingine angemtunza mke wangu hivi?" nami natamani ardhi inimeze. Wifi naye ananinong'oneza, "Jumamosi tuendelee, taratibu, usinikatishe tamaa." Je, tuendelee? Na nimwambie kwamba sikukosea shabaha, nilikusudia? Nikinyamaza nasongwa, nikisema nitamkosa.

Ni mimi, Mshonaji

JIBU

Mshonaji, bega halisubiri zamu ya barua gazetini, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile. Haya ninayaandika kwa ruhusa yako, na wengine wasome.

Nililokuambia kwanza nalirudia: acha kuvuta mkono wa mtu! Boliti alikuwa fundi mitambo, Mungu amrehemu, na nyie mlikuwa wasichana. Bega lililogoma kuinuka ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Na ule uongo wa bafuni, daktari naye mngempa?

Ulilia, nikakuacha ulie. Kisha nikakuambia umweleze wifi yako kabla hamjaingia kwa daktari, nawe ukafanya hivyo, pale pale kwenye benchi la kusubiri. Jibu lake ulinisimulia mwenyewe: "Nilijua. Niliona macho yako. Ungenirushia kwa huruma mara nyingine ndiyo ningekununia." Halafu akakupa ambalo hukulitarajia. Kumbe yeye alimwomba Boliti unahodha akupe wewe, na Boliti akakataa. "Alisema ukikasirika unasahau mwenzako amesimama wapi." Miaka yote hiyo wifi yako alikaa na neno hilo kimya asikuumize. Hapo ndipo uliponishinda, maana hata mimi nililia.

Daktari amesema msuli umevutika, haukukatika. Wiki sita asibebe kitu, kisha aanze na mtaalamu wa viungo. Kaka ameambiwa yote. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akapiga simu kuuliza mbona huji. Umebahatika, Mshonaji, kuliko ulivyostahili.

Sikulaumu kwa kuipenda zamani yako. Nani asiyetamani king'ora kimwite akimbie tena? Kosa ni kudhani mwili ulibaki unakusubiri pale ulipouacha. Mpira wa Boliti uwekeni juu ya kabati, muunuse mkitaka. Mshono wa miaka yote hiyo ukiachia, mchanga utawaingia machoni, na kilo nne si za kuanzia nyinyi.

Mtaalamu akiruhusu, tafuteni wa kilo moja. Tembeeni kwanza dakika kumi, mzungushe mabega taratibu mpaka yapate moto. Miguu iachane upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, tumbo likaze, mgongo usijipinde nyuma. Mpira uushike kwa mikono miwili kifuani, viwiko vimekunjwa, upandishe huku unatoa pumzi, uishie pale bega linapokubali, kisha uushushe taratibu kuliko ulivyoupandisha. Mara nane, pumzika, mara nane tena, imetosha, na siku mbili kwa wiki zinatosha. Misuli ikichoka si neno. Bega likichoma kwa ndani, weka mpira chini, hakuna cha kujikaza. Kurusha kutoka juu ya kichwa msahau mpaka mtaalamu aseme. Na siku mmoja wenu ana kinyongo, kaeni mkiseme, mazoezi yasubiri.

Mkitaka kufanya wawili wawili kama zamani, simameni karibu mpaka mikono ifikiane. Usimrushie. Mkabidhi, na usiachie mpaka umsikie anasema, "Nimeshika."