Plasma Haipikwi kwenye Bidon ya Maziwa

Jumatatu, 1 Septemba

Imewaka! Imewaka, imewaka, imewaka!

Asubuhi, umeme ukiwa umetulia. Prodige amepiga magoti mbele ya Bidon, jicho kwenye kioo. Mimi niko kwenye swichi. Ghafla anapiga kelele: "Charline, zima – apana, usizime! Kuja uone!" Nikaenda. Kidirisha kiko chini mno (wazo la Prodige, si langu), kwa hiyo mtaka kuona sharti ainame. Nikainama. Mle ndani gizani kipande cha chuma kimevaa mwanga wa zambarau. Umekifuata kila kona, bila moto, bila moshi, kimya. Ubaoni nimeliandika neno plasma mpaka chaki zimekwisha. Leo nimeiona ya kwangu. Goma hapa hapa, ndani ya bidon, dumu la inox isiyoshika kutu, lililokuwa likibeba maziwa ya Masisi!

Prodige ni fundi wetu wa maabara, mtu wa Bukavu, hajui kunyamaza. Leo alinyamaza. Huo nao ni ushindi.

Nikamwita mkuu wa idara, Professeur Baharanyi. Hakuinama. Suruali mpya. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. "C'est joli, inapendeza, assistante. Lakini plasma haipikwe mu bidon ya maziwa."

Chumba anakitaka. Anataka kuweka ordinateurs, kompyuta zake. Conseil, baraza la chuo, inakaa mwisho wa mwezi, na amesema wazi: kabla ya siku hiyo nimwonyeshe chuma kimoja kilichotoka kwenye Bidon kikashinda cha kawaida – kazini, si kwenye karatasi. Nisipoonyesha, Bidon inatoka nje, na mimi narudi kwenye chaki. Nikamwambia sawa, Professeur. Nikatabasamu vizuri kabisa. Alipotoka nikapiga teke kiti. Kidole bado kinauma.

Jumatano, 3 Septemba

Chuma nimekipata, na nilikuwa nacho nyumbani! Jana jioni tunakula fufu, ugali wa mahindi na mihogo, kwa Mama Marcelline – dada mkubwa wa mama yangu, yeye ndiye aliyenilea tangu tulipotoka Butembo. Nikasikia kitu kinalia jinoni. Mchanga, nikasema. Mama akasema si mchanga, ni nyundo.

Ana mashine ya kusaga pale Mabanga. Ndani yake vinazunguka vipande bapa vya chuma, wao wanaviita nyundo, ndivyo vinavyopiga mahindi na mihogo. Vinalika upesi. Vikilika vinakwenda wapi? Nikachukua sumaku, nikaipitisha kwenye unga. Ikatoka na ndevu nyeusi. Tunakula mashine! Mtaa mzima unakula mashine!

Nikamweleza. Ndani ya Bidon tunaondoa hewa ibaki vide (utupu), tunaingiza azote (nitrojeni) ileile ya mafundi wa friji na hidrojeni kidogo, umeme unaipasua, inaingia kwenye ngozi ya chuma na ngozi inakuwa ngumu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Donc unaipatia chuma ngozi ya mamba." Ndiyo, Mama. Hata darasani sijawahi kusema vizuri hivyo.

Nyundo mpya zimemfikia kwa barabara kutoka Kampala. Atanipa nusu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama ameleta nyundo mwenyewe, moja kwa moja kutoka misa, kitenge cha Bikira Maria, kibeti kifuani. Amekagua maabara kama anayetaka kuinunua. Nikaenda kumtafutia kiti chenye miguu yote minne – hapa si kazi rahisi. Niliporudi alikuwa amesimama karibu na Bidon, uso umetulia sana. "Sasa itatumika," akasema, yaani itafanya kazi. Mungu ambariki mama huyu. Kesho tunawasha.

Jumanne, 9 Septemba

Hovyo!

Pompe imevuta hewa asubuhi yote, sindano ya jauge, kipimo chake, haishuki. Tukawasha hivyo hivyo kwa kiburi (changu). Mwanga ulitoka umefifia, mweupe-mweupe, kama maziwa ya mchuuzi aliyeongeza maji. Zambarau yangu iko wapi? Nyundo zimetoka na rangi ya bluu na kahawia. Nikapitisha tupa: ikang'ata chuma kama muhogo mbichi.

Bidon inavuja. Hakuna kingine.

Jumatano, 10 Septemba

Haivuji. Prodige amebadilisha mpira wa kifuniko, amepaka grisi, amepaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna kiputo hata kimoja. Na sindano bado imegoma! Kitu kinapumua mle ndani. Nimemfokea Prodige, naye akanifokea, halafu tukala mandazi bila kusemezana.

Professeur alipita korido akiwa na mita ya fundi seremala. Anapima ukuta WANGU.

Alhamisi, 11 Septemba

Nacheka huku nalia. Niandike taratibu.

Mama amekuja kuuliza habari za nyundo zake. Nikamwambia mambo ni mabaya, na kisa hatukijui. Akashangaa kweli.

"Haiwezekane! Mi mwenyewe nilibariki ile kitu. Ile siku ulienda kutafuta kiti, nilimwanga maji ya baraka ndani. Kidogo juu ya nyundo, ingine yote mule chini, ku matofali."

Chupa nzima! Kwenye yale matofali tuliyopanga ndani ya Bidon! Ni meupe, mepesi, ya kuzuia moto, na yananyonya maji kama mkate mkavu. Ukivuta hewa, maji yanageuka mvuke. Ukivuta tena, yanatoka mengine. Siku mbili tumekuwa tukivuta maji ya baraka kwa pompe!

Prodige alikaa chini sakafuni. Alicheka mpaka akakohoa. "Haraka haraka haina baraka," akasema. "Sisi tulikuwa na baraka ya kujaa, tukakosa vide."

Mama hakucheka. "Charline, unataka kusema baraka njo iliharibu?"

Hapo nilihitaji akili. Nikamwambia hapana Mama, baraka haina kosa. Maji ni matakatifu, lakini bado ni maji. Akafikiri. Akauliza kama Bidon inakataa na medali. Nikasema ndani inakataa kila kitu, hata mkono wangu. Nje, weka unachotaka. Basi akavua medali yake ya Bikira Maria shingoni, akaifunga kwa waya kwenye pompe. Prodige alisaidia kukaza. Anasema pompe ndiyo iliyokuwa na haja.

Nilitaka kumkasirikia, nimeshindwa. Mtu aliyetaka kazi yangu ifaulu kuliko yeye simjui.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeyakausha matofali juu ya mbabula, jiko la makaa, uani, kutwa. Makaa, moshi, Prodige anageuza kwa koleo. Tumezisugua nyundo upya, zimerudi kung'aa. Professeur akapita: "Leo munapika nini?" Nikamjibu tunapika matofali, Professeur, karibu. Hakukaribia.

Jumamosi, 13 Septemba

Ngozi ya mamba!!!

Sindano ilishuka asubuhi kama mtoto aliyechapwa. Nikafungua azote, nikageuza swichi – zambarau! Ileile, safi, imezivaa nyundo zote sawasawa. Ilibidi iwake bila kukatika mpaka jioni. Kila taa ya chumba ilipopepesa nilishika medali ya pompe. Mimi! Daktari mtarajiwa wa fizikia! Prodige aliniona, na atanisema mpaka nizeeke. Umeme haukukatika.

Tumengoja zipoe. Zimetoka za kijivu, hazing'ai, nzuri mno. Nikachukua tupa, nikaikandamiza, nikavuta. Ikateleza. Ikateleza! Sauti yake ni kama kisu juu ya sahani. Prodige akajaribu kwa mikono miwili, ikateleza. Tukapiga kelele mpaka sentineli, mlinzi wetu, akaja na fimbo.

Simwambii Professeur kitu. Tupa ni ya maabara, yeye anataka kazini.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumezifunga. Nyundo zetu na nyundo za kawaida katika mashine moja, zinapokezana, ili zipige mahindi yaleyale. Za kawaida tumezitia alama ya msumeno. Mama alipowasha nilifunga macho. Ikanguruma vizuri, haikutetemeka. Mteja wa kwanza ni mama mmoja mwenye beseni la mihogo. Hakujua kwamba amesaga kwa plasma.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa Mama alimsimulia kila mtu. Nusu ya parokia inajua habari za Bidon. Ikishindwa, nahamia mji wa Kiwanja kuuza vitunguu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepitisha sumaku tena kwenye unga. Ndevu zipo, ila chache. Nusu ya nyundo ni za kawaida, kwa hiyo nusu ya ndevu ndiyo ningetarajia… Au najidanganya? Kufungua mashine Mama amekataa. Jumanne, siku ya conseil, mbele ya Professeur (nimemwalika), si kabla. Anasema chungu kikifunuliwa kila mara hakiivi. Sijalala vizuri.

Jumanne, 30 Septemba

Naandika nimekaa juu ya gunia la mahindi, kwa Mama, Mabanga. Bado Mama na Professeur hawajamaliza!

Professeur amekuja mwenyewe. Koti, tai, viatu vinavyong'aa – vyote sasa ni vyeupe kwa unga. Akina mama wa foleni walimpisha na mabeseni yao. Mama akazima mashine. Prodige akafungua, akatoa nyundo, akazipanga juu ya meza, na mimi nilikuwa nimeuma kona ya kitenge.

Za kawaida, zenye alama: kona zimekwisha. Zimeviringika kama sabuni ya kufulia. Zetu – kona zote nne! Zote! Unaweza kukata nazo nyanya!

Foleni yote ilipiga vigelegele. Kuna bibi hata hakujua tunashangilia nini, naye akapiga. Mimi nililia, nimeandika, basi.

Professeur akatoa tupa kwenye mkoba. Amekuja na tupa yake, yetu hakuiamini! Akavuta juu ya nyundo ya kawaida: ikang'ata. Akavuta juu ya yetu: ikateleza. Akavuta tena kwa nguvu, ulimi nje. Tupa ikamponyoka ikaanguka chini ya meza. Akainama kuiokota. Prodige akaniangalia, nami nikamwangalia. Ameinama!

Halafu akakusanya nyundo zetu, akafungua mkoba.

"Professeur, unapeleka wapi?" Mama huyo.

"Mu conseil, mama. Tunakaa saa nane. Bila preuve, bila ushahidi, chumba ya mutoto wenu inaenda."

Mama akamshika mkono wa koti. "Na hawa batu bote, fufu yabo inaenda wapi? Beba izi zenye zilikwisha. Izi zingine ziko na kazi."

"Zenye zilikwisha hazionyeshe kitu, mama!"

"Basi conseil yako ikuje hapa. Haina miguu?"

Hawaachiani. Chumba changu kiko mkononi mwa Professeur, na mkono wa Professeur uko mkononi mwa Mama. Nifanye nini? Nilisimama niseme Mama, mwachie. Nikakaa tena. Miaka yote nimemwona Mama akitupa nyundo zilizolika. Kuzigombania, leo ndiyo mara ya kwanza.

Mama ameshinda. Prodige anazirudisha, moja moja, na foleni inamhimiza. Professeur amesimama pembeni, unga mpaka kwenye nyusi. Anatazama saa. Sasa ametoa simu. Anapiga – nadhani ni kwa katibu wa conseil. Ninyanyuke nikasikilize?

Mama amewasha.

Sisikii kitu tena. Mashine inanguruma, unga unamwagika kwenye beseni, Professeur ametia kidole kwenye sikio moja na anapiga kelele kwenye simu. Midomo naiona. Nimesoma neno moja tu. Analirudia, anamtamkia yule wa upande wa pili polepole, kama kwa mwanafunzi, na hacheki hata kidogo: bidon.