Muhindo aliuza siri yangu mezani

Butembo, Jumapili. Baridi imeshuka, ukungu umefunika mabati ya majirani. Sina hamu hata ya chai.

Kambale, mdogo wangu, amekwisha kuvuka mpaka. Ndiyo maana leo naweza kuandika.

Kila Jumamosi mchana tunacheza poker, mchezo wa karata, nyuma ya duka la misumari la rafiki yetu. Ni mchezo wa franka kidogo sana, badala ya jeton za kuwekeana dau tunatumia maharagwe. Lakini kila mtu anakaa na lundo kubwa mbele yake, kwa hiyo hakuna haraka. Unasubiri, unamsoma mwenzako, halafu mkono mmoja tu, mgawo mmoja wa karata, unaweza kula lundo lote. Tangu vita vifike Kanyabayonga na wakimbizi wajae mtaani, pale ndipo nilipokuwa ninapumzika kichwa.

Muhindo, mume wangu, ndiye aliyenifundisha. Juzijuzi alimleta mchezaji mpya, adjudant wa jeshi anayesimamia barrière, kizuizi cha njia ya Beni.

Jumamosi, siku nane zilizopita, nilibaki na huyo adjudant peke yetu katika mkono. Mezani karata tatu za coeur, zile kopa nyekundu. Mimi sikuwa na kitu. Nikasukuma maharagwe yangu yote katikati, kama mtu aliyejaa coeur mkononi.

Hakufikiri hata kidogo, akasukuma maharagwe yake pia.

"Ninakufwata, Madame. Hauna kitu."

Alikuwa na jozi ndogo tu. Hakuna anayefuata lundo kama lile kwa jozi ndogo. Nikamuuliza amejuaje.

"Bwana yako aliniambia. Ukiwa unadanganya, unagusaka kitambala ya kichwa."

Wote wakacheka. Muhindo pia alicheka.

Halafu adjudant akainama kwangu, sauti chini. "Na ile siku nilikuuliza Kambale iko wapi, ulikigusa pia, si vile?"

Kambale alikuwa ametoroka jeshi. Siku ile adjudant aliponiuliza pale barrière, nilimwambia sijamwona tangu Pasaka. Na wakati huo alikuwa amelala chumba cha nyuma, kwangu.

Nilisema tumbo linaniuma, nikatoka. Sikukimbia mpaka nilipopita kona. Kabla ya jua kuzama Kambale alikuwa juu ya pikipiki, amevaa koti la mama yetu, anaelekea Mutwanga. Asubuhi yake askari walikuja, wakapindua hata kitanda.

Muhindo alijitetea akiwa amesimama mlangoni.

"Kavira, ile ni muchezo tu. Nilitaka atuzoee. Magunia yetu ya biashara inapitaka kwa barrière yake bila shida."

"Ulijua Kambale iko hapa ndani."

"Sikufikiria."

Labda ni kweli, hakufikiria. Hilo halinipunguzii kitu.

Maana najua alikoipata siri ile. Mwaka tulipokimbilia Beni, watu wenye bunduki walisimamisha camion, lori tulilopanda, wakawa wanashusha wanaume. Muhindo alikuwa amelala juu ya mizigo, nimemfunika blanketi. Niliwaambia ana kolera, kipindupindu, tayari ametapika mara nyingi. Wakarudi nyuma, wakatuacha. Tulipofika Beni alinishika mikono, anacheka na kulia pamoja, akaniambia, "Kavira, uliposema kolera uligusa kitambala. Nilizani tumekufa."

Hakuna mwingine aliyejua. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Nilidanganya ili aishi. Yeye akamgawia mtu wa barrière siri hiyo, kwa ajili ya magunia.

Leo nimekwenda misa peke yangu. Kule mezani sirudi tena, na adjudant nikimkuta njiani nitamsalimia kama kawaida, kwa sababu tunaishi hapa. Kwa Muhindo sijui bado. Ninampikia. Ninapanga maneno kabla ya kuyasema. Je, mtu anaweza kuzeeka hivyo, akijichunga ndani ya nyumba yake?

Kambale alipiga simu baada ya misa, toka upande wa pili wa mpaka. Sauti yake ilikuwa nzuri, ameshapata mahali pa kulala. Muhindo ndiye aliyemfundisha kuendesha pikipiki, na Kambale anampenda kama kaka. Kabla ya kukata simu alisema, akiniita dada yake kama kawaida, "Yaya, unisalimie shemeji."

Nikaitika ndiyo.

Muhindo alikuwa hapohapo uani, anaosha viatu. Nilimpita na salamu yake, nikaingia ndani.