Maji ya Kwanza Usimwange

Odile,

Bukari, ugali yako, iko chini ya sahani. Ile majani ya bahari ya kahawia, ya Mama Ngalula wa dispensaire, inalowama mu sufuria. Maji yake usimwange inje. Haiko sombe, majani ya muhogo. Iode, dawa ya shingo, inaingiaka mu maji, na mi mwezi muzima nilimwanga ya kwanza, vile tunafanyaka na sombe. Njo maana shingo ya kuvimba ya mudogo yako Shekina haipungui. Umupe kikombe kidogo tu. Ikipita kipimo inaharibu. Majani ukule we, iko na fer, chuma ya damu.

~~Tata akiuliza, sema niko ku soko.~~ Sema niko ku gare ya treni. Nimebebea Mama Ngalula karanga na blanketi.

Asubuhi, vile banafukuza Bakasai ya avenue yetu, batu ya Kasai, kuenda ku gare, Mama Ngalula alikuja kuaga. Alibisha hodi mara tatu. Yee njo alikupokea siku ulizaliwa, na mi sikufungua, niliegemeza mugongo ku mulango, juu bajirani balikuwa banaangalia. Akaacha paketi yake ya mwisho ya majani na kikaratasi: "Mama Odile, maji ya kwanza usimwange." Njo pale nilijua.

Aliandika akiegemeza karatasi ku mulango wetu. Nilisikia bic yake ya kuandika ikipita mu mugongo yangu.

Mama yenu