Timu ya Mzee Eamon Imeshinda, Yaya

Yaya Amani, mkubwa wangu,

Mimi Baraka, mdogo wako, ndiye mchezaji mkali kuliko wote waliowahi kutoka Uvira katika ule mpira wa Waireland, wa kushika kwa mikono na kupiga kwa miguu. Usibishe. Tulikuwa wawili tu, na wewe umekufa.

Bon, habari za huku. Bado nakaa kwa Mama, Highview, hapa Louisville. Kazi ya ghala naendelea nayo, na bosi ananiogopa. Viatu vyako vya mpira nimevichukua mimi. Vinanibana, lakini angalau sasa vimepata miguu yenye akili.

Sasa sikiliza. Timu ya kaunti ya Mzee Eamon, yule babu wa Ireland uliyekuwa unamtunza kule Columbus, imefika fainali. Ile mliyoingoja miaka yote kama watu wanaongoja viza. Na fainali, unajua mwenyewe, ikichezwa mchana kule kwao, huku ni Jumapili asubuhi na watu wako kanisani. Donc nikafuata sheria yenu: simu inazimwa, ibada kwanza, halafu mechi iliyorekodiwa nyumbani kwa Mzee, Clintonville, huko huko Columbus. Anayetaja matokeo anatolewa nje. Mzee alikaa asubuhi yote televisheni imezimwa, ananingoja.

Nilikwenda Columbus na Mama, maana kanisa lako lilikuwa na maombi ya kumaliza matanga. Ikafika saa ya shuhuda. Mama akasimama, amevaa ile tisheti yenye picha yako. Mama huyu huyu aliyekuwa anasema mchezo wenu ni fujo ya wazungu waliokosa kazi! Watoto wa kwaya walikuwa wamemwonyesha matokeo kwenye simu. Akashika maikrofoni: "Namshukuru Mungu, timu ya mtoto wangu imeshinda leo!"

Vigelegele, Yaya. Pasta akaitisha ngoma. Watu wakacheza mpaka mbele ya madhabahu kwa ajili ya kaunti wasiyoweza hata kuionyesha kwenye ramani. Ungecheka mpaka ushike ukuta. Mimi nikapiga makofi. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nikapiga.

Kwa Mzee nikajifanya sijui kitu. Na nimejifanya vizuri, unanijua. Nilipiga kelele kila mpira ulipopita juu ya mwamba wa goli, maana kwao hiyo ni pointi, nikamtukana refa kwa Kiswahili, Mzee akaitikia kwa Kiireland. Dakika za mwisho tuko nyuma. Kijana wetu mmoja akachomoka, anakimbia huku anajipigia mpira kwa mguu na kuudaka, kama ulivyonifundisha Buffalo kwenye theluji, mwaka ule tulipofika Marekani, ukipiga kelele: "Mguu, mkono, mguu! Wewe ni mtu ao ni mbuzi?" Akapiga. Wavuni. Kwenye mchezo huo goli moja ni pointi tatu, basi hapo hapo tukapita mbele, na filimbi ikalia.

Nilikuwa nimejiambia kwamba hapo ndipo nitalia. Siku ya kukuzika sikulia, nilikuwa nabeba viti. Wiki za matanga sikulia, nilikuwa napokea wageni na kugawa soda. Nikasema, bon, machozi yangu nayawekea fainali.

Lala, Yaya. Mama nitamwangalia. Na kila fainali, Mzee akiwa hai, nitakaa naye kwenye kile kiti chako, hilo nakuapia. Usimkasirikie Mama kwa yale ya kanisani, hakuharibu kitu. Kilichoharibika ni hiki: Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia kama mtoto, anataja jina lako, Amani, Amani, na mimi, damu yako, nilikuwa nawaza nimeegesha gari upande gani wa barabara.