Papa Ilunga, Safari Hii Vibarua Hatukuachwa

Papa Ilunga,

Mgomo umekwisha. Najua ungeniuliza hilo hata kabla ya salamu, basi nakujibu kwanza: umekwisha, migodi ya makaa ya mawe nchi nzima inafunguliwa Jumatatu, na safari hii vibarua tumo.

Tangu tukuzike, kiti chako cha chama cha wachimba migodi nimekikalia mimi. Wapo walionong'ona: mwanamke, tena Mkongo, tena kibarua, atatupeleka wapi? Niliwaacha wanong'one mpaka wachoke. Wewe ulinifundisha kazi hii, na hukunificha hata aibu yako.

Nakumbuka mgomo ule wa kwanza. Waajiri walikuita hotelini, wakaahidi matibabu ya kifua kwa walioajiriwa rasmi peke yao. Ulikuwa umechoka, ukawapa mkono. Kesho yake ulipanda juu ya gari la chama mbele ya lango la mgodi ukasema, "Mi nilikubali mbele ya kuwauliza. Nilikosa." Watu wakakuzomea. Nami nilikuwemo, nikazomea. Nisamehe, Papa. Uliwarudia waajiri kulitengua neno lako, wakakucheka, na vibarua tukaendelea kukohoa bila daktari. Baadaye walikupunguza kazini, ukarudi mgodini kama kibarua, na kifua hichohicho ndicho kilichokuua.

Wiki iliyopita waliniita mimi. Hoteli nyingine, hapahapa Johannesburg, lakini ahadi ileile, na kalamu wameshanifungulia. Niliifunga kalamu yao. Nikawaambia, "Narudi kwa wenyewe kwanza."

Nilikwenda Newtown, ambako wanachama walikuwa wamejaa uwanjani. Nikapigisha kura kwa mtindo wako: wanaokubali wasimame kulia, wanaokataa kushoto. Vibarua tulihamia kushoto mara moja. Walioajiriwa rasmi walibaki wakitazamana, maana wao walikuwa wameshapata chao. Ndipo Baba Sithole, yule mpiga baruti uliyezoea kumtania kwa tumbo lake, akasema kwa Kizulu kwamba vumbi halimuulizi mtu mkataba wake. Akavuka. Wakaanza kumfuata, mmoja, watano, kisha uwanja mzima ukaelemea upande wetu. Laiti ungewaona! Nililia mbele ya watu wote wala sikuona haya.

Waajiri wakasalimu amri juzi. Nilisaini jana, baada ya wanachama kusomewa kila mstari.

Pumzika sasa, Papa wangu. Kazi uliyoiacha iko mikononi mwa mtu anayeijua. Nakuahidi sitampa mwajiri mkono kabla ya kuwauliza wenye mapafu yao. Daktari wa vibarua anaanza Jumatatu, na jina la kwanza kwenye orodha ni langu. Nimeanza kukohoa kila asubuhi, Papa. Lakini mimi nimewahi.

Mwanao wa kazi,
Riziki