Divai ya Wakwe na Mlenda Wangu

Kilburn, London

Mbukwa kaka Yohana,

Hujambo wewe na wifi? Goti bado linakusumbua, au baridi ya asubuhi imepungua huko Hombolo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila nina hasira tangu Jumapili na nisipokuandikia nitapasuka.

Wazazi wa yule kijana Mjerumani anayemchumbia mwanangu Neema walikuja kwangu kujitambulisha. Baba mtu ni mkulima wa zabibu kama wewe, nikasema hapa tumepata watu. Nikaenda hadi Kingsbury kwa Wahindi kununua unga wa uwele, na ule mlenda mkavu ulionitumia nikautoa kabatini.

Kumbe mpwa wako ana amri zake. Wageni wanaleta divai nyeupe iliyotengenezwa kwa zabibu nyekundu, kwa hiyo nipike inavyotaka divai: samaki mweupe, kuku asiye na pilipili, jibini la mbuzi. Zabibu nyekundu zitoe divai nyeupe? Nilidhani ananitania. Halafu nikakumbuka tulivyokuwa tukizikamua shambani kwako, maji yake meupe, rangi yote iko kwenye ganda. Wao wanakamua upesi na kuyatoa maganda, basi. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini tangu lini mgeni akaja na kinywaji, mwenye nyumba akapika kwa kukiogopa?

Nilipika samaki wao. Nikasonga na ugali, nikapika na mlenda. Wageni walipobisha hodi naona sufuria zangu zote mbili zimefichwa chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Nikaenda kuwafungulia mlango, maana mbele ya wageni mtu humeza mengi.

Divai yenyewe, nisiseme uongo, ni nzuri. Ina karangi kama ganda la kitunguu, na kwa samaki ilikaa vizuri. Nikawaambia kaka yangu ana shamba la zabibu Dodoma. Mzee akafurahi mno, akauliza kwetu tunakula nini na divai. Sijafungua mdomo, Neema akajibu: samaki na kuku, kama hivi hivi. Kaka, Kiingereza nakisikia. Miaka yote hii nauguza watu kwa Kiingereza, halafu mtoto niliyemzaa ananisemea uongo mezani kwangu!

Nikainuka, nikaleta sufuria zangu.

"Mama, please, hawawezi kula hiyo."

"Wao hawajashindwa. Umeshindwa wewe."

Mzee akamega ugali kwa vidole, mlenda ukamvutika hadi kidevuni, akacheka, akaongeza. Akashushia divai yake, akasema vinachukuana. Neema hakugusa, na mlenda ndio uliomkuza. Kaka, iliniuma sana.

Walipotamka posa niliwaambia haipokelewi Kilburn. Tangu shemeji yako afariki, baba yake Neema ni wewe, mjomba wake. Wamekubali, watakuja huko kwako baada ya mavuno.

Nisalimie wifi yangu, shangazi anayekaa nanyi, na mchungaji aliyembatiza Neema.

Siku hiyo, kaka, kabla hujamwuliza Neema mbele ya watu kama mahari tuile au tusiile, mwulize kwanza yeye ni mtoto wa nani. Mwulize kwa Kigogo, nimemlea nacho. Akijibu, pokeeni. Akinyamaza, walisheni wageni washibe, kisha muwarudishie mali yao.

Ni mimi dada yako,
Ester